Yatatufikisha

Tulikubaliana siku tatu kabla ya safari kwamba pikipiki zote saba zijazwe mafuta Ijumaa jioni, ili saa kumi na mbili kamili asubuhi tuondoke Korogwe, tupite Mombo na kupanda Lushoto kabla jua halijawa kali. Sita zilikuwa tayari. Mwenye ya saba alifika saa moja na nusu, akafungua kifuniko cha tangi, akaitikisa pikipiki huku ametega sikio, kisha akatangaza kwa utulivu wa ajabu kwamba yatatufikisha.

Hayakutufikisha. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini ni mlima mtupu, kona juu ya kona, na injini inayopanda kwa gia ya pili hunywa mafuta kuliko inayokwenda tambarare. Pikipiki ilizima kabla ya Soni. Kwa hiyo maporomoko ya Soni, ambayo wenzangu waliyatazama kwa raha zao, mimi niliyapita mara tatu bila kusimama: nikienda kutafuta petroli, nikirudi nimeibana mapajani chupa iliyozibwa kwa gunzi la hindi, na nikipanda tena nikinuka kama gereji.

Nilimkuta mwenyewe ameketi kivulini, anapiga picha bonde. “Kaka,” akaniambia, “umeyaona mandhari haya lakini?”

Fedha ya petroli hiyo hajanirudishia hadi leo, na tayari anauliza safari ijayo ni lini.