Mjomba, ajira nje nje ya wapi?

Jumapili mjomba alinipigia kutoka Urambo. Ukiona mjomba anapiga mwenyewe badala ya kubipu, ujue malipo ya tumbaku yameingia. "Mpwa wangu, huyu mdogo wako nimeamua asome unesi. Unesi ajira nje nje, halafu kazi yenyewe ya kivulini."

Nilikuwa ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku wodi ya wazazi, nimesimama chini ya mwembe nje ya geti nasubiri bodaboda, kiatu kimoja kina damu ya mtu. Kivulini! Ni kweli, mwembe ulikuwa na kivuli.

Sikumjibu. Mjomba hajibiwi kwenye simu na mtu ambaye hajalala. Najibu hapa, wajomba wadogo watampelekea.

Hiyo ajira nje nje tuimalize haraka. Binti anatakiwa awe amefaulu masomo manne kidato cha nne, Kemia, Baiolojia na Fizikia zikiwemo. Stashahada miaka mitatu. Akitoka hapo, mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Akiwa na leseni mkononi, anaanza kufungua Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, kila asubuhi kama anayechungulia mtego wa ndege. Kuna wenzangu wa darasani mpaka leo "wanajitolea": sare wanavaa, zamu wanashika, mwisho wa mwezi wanaambiwa asante. Mmoja anauza dagaa wa Kigoma sokoni, na mikono yake ndiyo ilikuwa myepesi kuliko yetu sote kutafuta mshipa wa mtoto mchanga. Anapima dagaa. Ada nayo, mikopo ya stashahada ilianza mwaka wa masomo 2023/24, sisi tukiwa tumeshatoka. Mdogo wangu akiipata, heri yake.

Ninachotaka mjomba akisikie ni usiku.

Mjomba, wewe umelala kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Tangu nikiwa mdogo nakuona msimu wa kukausha, umejifunika blanketi mlangoni, unachochea kuni kidogokidogo, unaamka kusoma kipimajoto. Moto ukizidi jani linaungua, ukipungua daraja linashuka na bei inashuka nalo. Siku hizo hata msiba wa jirani alikuwa anaenda shangazi, wewe hubanduki. Sasa nikuulize: uachiwe mabani manne, kila moja na moto wake, uko peke yako, na asubuhi anakuja mtu kukagua karatasi ya joto la kila bani. Utaweza?

Karatasi hiyo sisi tunaiita patografu. Kila mama aliye kwenye uchungu ana yake. Mapigo ya moyo wa mtoto, kila nusu saa. Uchungu unakuja mara ngapi ndani ya dakika kumi, kila nusu saa, na dakika kumi maana yake mkono uko juu ya tumbo dakika kumi, huangalii saa ukutani ukakisia. Njia ya uzazi unapima imefunguka kiasi gani kila saa nne, presha hivyo hivyo. Mama mmoja, ukifanya kwa haki, anakula robo saa. Wakiwa wanne ni saa nzima, na hiyo saa nzima unatakiwa uiingize ndani ya nusu saa. Huo ni usiku mtulivu, hakuna anayesukuma. Akianza mmoja kusukuma, wale watatu wamebaki na Mungu. Mtoto akitoka, sindano ya oksitosini, ya kuzuia mama asitoke damu nyingi, iwe imeingia ndani ya dakika moja, halafu kondo la nyuma, halafu usimwache mama maana damu haipigi hodi. Na hapo kitanda cha pembeni mtu anaita, "Sista! Sista nakufa!"

Nilikuwa mwaka wa pili nilipoona jambo ambalo hakuna mwalimu aliyetuambia darasani. Saa kumi na moja alfajiri, dada mkunga niliyekuwa nimepangiwa kujifunza kwake alivuta kiti, akapanga karatasi tatu mezani, akaanza kuweka vidoti. Kidoti, kidoti, mstari. Moyo wa mtoto 136, 140, 138. Nilijua hakuna aliyesikiliza moyo ule saa nane usiku, kwa sababu saa nane tulikuwa wote wawili tunahangaika na mama mwingine anayetoka damu, mimi nimeng'ata simu ina tochi, umeme umekatika. Akaniona namtazama. "Mdogo wangu, utaniandikia wewe?" Sikuwa na la kusema. Leo nami nina leseni, na sitajifanya mtakatifu: nimewahi kuviweka vidoti hivyo. Mkaguzi akija anasifu karatasi zilivyojaa. Karatasi inadhani kuna manesi wanne, nesi yuko mmoja, basi mmoja anajifunza kudanganya karatasi ili isimharibie kazi yake. Hilo linaniuma kuliko mshahara. Mshahara nao unauma, lakini kwa zamu.

Kuna watu wataleta ile ya lugha chafu. Haya, nakubali, nusu. Wapo wenzetu wana midomo ya kukatia kuni, wengine walikuja nayo kutoka kwao, uchovu usisingiziwe. Na mimi mwaka jana nilimfokea mama mmoja kutoka Kaliua aliyekuja bila glavu wala kitenge cha kumpokelea mtoto. Baadaye nikasikia alikuja kwa baiskeli, amekaa nyuma na uchungu wake, njia ya mchanga. Nilimpa kitenge changu. Hakunirudishia, na sikukidai.

Ila mnaosema "ni wito", naomba mniache. Ninyi mnaopenda hilo neno, mmewahi kumwambia fundi umeme aje bure kwa kuwa ni wito?

Kwa hiyo mjomba, sijakataa. Mdogo wangu ana akili na ana moyo, na alfajiri mtoto akilia kwa mara ya kwanza hata mimi mwenye maneno mengi huwa nasahau miguu inauma. Nilipoamka nilikutumia ujumbe mmoja tu, kwamba kabla hujalipa ada, mlete Tabora akae kwangu wiki moja, anione nikirudi asubuhi.

Jana usiku amenitumia ujumbe yeye mwenyewe: "Dada, baba kasema nije. Kwani zamu ya usiku mnakula saa ngapi?"

Nimeusoma leo saa nne asubuhi. Nilikuwa bado sijala.