Tena Lushoto?

Kila ninapojaza fomu ya likizo, mtu ofisini huuliza mwaka huu naelekea wapi, na kabla sijafungua mdomo mwingine humjibu kwa niaba yangu: Lushoto, ule mji wa milimani mkoani Tanga. Kisha hufuata neno moja, "Tena?" Nimelisikia tangu 2014, nilipokwenda mara ya pili. Toka hapo sijakosa mwaka, ila 2019 na 2023, na sababu zake nitazieleza.

Wengi wanaolitamka neno hilo hawana nia mbaya. Hata hivyo limenikaa moyoni, kwa sababu ndani yake mna maswali zaidi ya moja, na mengine yananihusu kweli. Kosa nililolifanya miaka mingi ni kuyajibu yote kwa jibu moja la mkato: ndiko ninakopenda.

Nianze na jambo linalonishangaza. Kila Desemba barabara ya kaskazini hujaa Wachagga wanaorudi Rombo, Marangu na Machame. Tiketi zinagombaniwa, mabasi ya ziada yanaombewa vibali, na watu wanakwenda kwenye nyumba ileile, chini ya migomba ileile, kama mwaka jana na mwaka juzi. Hakuna anayewauliza "Moshi tena?" Asiyekwenda ndiye anayeulizwa kulikoni. Hata utumishi wa umma umeliweka jambo hili kwenye taratibu zake: mtumishi hulipwa nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili ili aende kwao, na kwao ni palepale alipopaandika siku alipoajiriwa. Huko Oman, jamaa zetu wanaoishi Muscat hufunga safari kwenda Salalah msimu wa kharifu, kati ya mwishoni mwa Juni na Septemba, wakifuata ukungu na manyunyu wakati kwingine kunaungua kwa joto. Wanakwenda mwaka baada ya mwaka, na wenzao huwauliza tu kama manyunyu yameshaanza.

Kwa hiyo kurudia mahali si jambo geni kwetu. Basi letu na mabasi ya Wachagga hufuata lami moja kutoka Dar es Salaam: Chalinze, Segera, Korogwe. Tukifika Mombo wao hunyoosha kwenda Same, sisi tunakata kulia na kuanza kupanda mlima. Kuanzia kona ile safari yangu inadaiwa maelezo, na yao haidaiwi. Wao wanakwenda kwao. Mimi nakwenda mahali nilipopachagua tu.

Aliyeliweka hili wazi kuliko wote ni mama yangu mdogo. "Mwanangu," aliniambia, "kwenu ni Mbinga. Huko kwa Wasambaa umezika nani?" Akamalizia kwa methali ambayo kila mtoto wa kijijini aliyehamia mjini anaijua na kuiogopa: mkataa kwao ni mtumwa.

Nilikuwa na utetezi, na bado nauona una uzito. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbinga ni zaidi ya kilomita 1,000. Lushoto haifiki 400. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na Jumapili na sikukuu zimo humohumo. Ukitoa siku za njiani, kinachobaki si kingi. Lakini umbali ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba kwenda nyumbani si kupumzika. Unashuka kwenye gari ukiwa mtu wa mjini, na kabla hujanawa uso kuna kikao: mpaka wa shamba la kahawa, ada ya mtoto wa kaka, bati la jiko lililochukuliwa na upepo, ndugu wawili wasiosalimiana wanaokusubiri wewe uwasuluhishe. Ni wajibu, na mara nyingi ni furaha. Mtu anarudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka. Nadhani wengi wetu tunalijua hili na hatulisemi, kwa sababu kulisema ni kama kuikana familia.

Kule Lushoto nililala. Mara ya kwanza, 2013, nilikwenda kwa semina ya kazi, na asubuhi moja nikaamka saa mbili na nusu, madirisha yamejaa ukungu, hakuna aliyenigongea mlango. Sikumbuki lini kabla ya siku ile nililala namna hiyo. Milima ya Usambara inafanana na kwetu kwa mengi: miteremko iliyolimwa hadi juu, moshi wa jikoni unaokawia kupanda kwa sababu ya baridi, akina mama wenye mizigo ya kuni kwenye vijia vyembamba. Wasambaa wana matuta yao na Wamatengo wa kwetu Mbinga wana ngoro zao, yale mashimo ya kulimia miteremkoni, lakini jicho la mtoto wa mlimani linatulia kotekote. Ilinichukua miaka kukiri kwamba nilichokuwa nakifuata Lushoto ni nyumbani kusiko na madai. Ndiyo maana maneno ya mama mdogo yaliuma: aliona alichokiona.

Baba alifariki 2019. Baada ya matanga nilikaa na kuhesabu. Kuanzia 2013 hadi 2018 nilikuwa nimelala Lushoto kama usiku 60. Kwa baba nilikuwa nimelala usiku 17. Hesabu ile sina wa kumlaumu nayo, wala sisemi kwamba Lushoto ndiyo iliyonizuia. Hata nisingekwenda huko, huenda ningebaki Dar es Salaam na visingizio vingine. Lakini tangu hapo siwezi kuandika kwamba swali la mama mdogo ni kiherehere cha ndugu. Lilikuwa na haki yake. Sasa likizo yangu ina mafungu mawili: wiki mbili za Julai Mbinga, kahawa ikichumwa, na siku zilizobaki Lushoto mwezi Desemba. Mama mdogo haniulizi tena nimezika nani. Ananiagiza nimpelekee plamsi, ingawa nikifika Julai plamsi za Desemba zimeshakuwa jemu.

Upande mwingine kuna wale wa "tembea uone". Hawa si wa kupuuzwa, na siku hizi wana nguvu zaidi. Tangu filamu ya Royal Tour ya 2022, utalii wa ndani unahimizwa kila pembe. Nchi ina hifadhi za taifa 21. Treni ya SGR imeanza kufika Dodoma tangu 2024, na mtu anayesema hakuna pengine pa kwenda kwa bei nafuu atabanwa. Mwenzangu mmoja kazini ana daftari la mikoa. Kila likizo anafuta mmoja. Anaponiambia kwamba mimi nimeona Tanzania ndogo, anasema kweli kabisa.

Ninachomjibu ni kwamba mahali pamoja nako kuna mengi ambayo hayaonekani mara ya kwanza. Safari ile ya 2013 nilifika Irente, nikasimama pale milima inapokatika ghafla, nikaona Mazinde na mashamba ya mkonge huko chini, nikapiga picha. Nikapita maporomoko ya Soni, picha nyingine. Nilirudi nikisema nimeiona Lushoto. Sikujua hata kwamba Wajerumani waliuita mji ule Wilhelmstal na kupanda huko kukimbia joto la pwani, wakisaidiwa na reli ya Tanga iliyofika Mombo 1905. Safari ya tatu nikajifunza kusema "onga maundo" asubuhi, na bei ya viazi ikabadilika. Safari ya sita mzee mmoja akanionyesha, kwenye mwamba wenye kivuli na maji, vijiua vidogo vya zambarau vyenye majani ya manyoya. Ndilo ua la Usambara ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake Ulaya 1892. Sasa linakaa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Nilikuwa nimepita kando ya mwamba ule miaka mitano bila kuinama.

Halafu kuna watu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi jembe nilipewa. Mwaka wa nne kulikuwa na msiba kwa jirani wa nyumba ya wageni tunayofikia, nikakaa na wanaume chini ya turubai nikachangia kama wengine. Mwenye nyumba hanidai malipo ya awali. Mama anayeniuzia mbogamboga huuliza habari za mguu wa mke wangu. Mwenye daftari la mikoa, kwa mbio zake, hawezi kukipata hiki. Mimi kwa kutulia kwangu sikupata alivyoviona yeye Katavi. Sioni njia ya kuwa na vyote kwa siku 28, na sioni sababu ya mmoja wetu kumwonea mwenzake huruma.

Ila kuna hoja moja upande wao ambayo siipingi. Mazoea yanafunga macho. Katika miaka kumi ya kwanza sikufika Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa milima hiyohiyo, safari ya saa chache tu kutoka chumba changu. Nilikuwa na njia zangu: sokoni, msitu wa Magamba kutazama mbega, Irente jioni, kulala. Niliogopa kwamba nikibadilisha kitu, utulivu ule utavunjika. Mtu anayerudi mahali kwa hofu ya namna hiyo anastahili kuulizwa "tena?", na aulizwe na mtu anayempenda.

Minong'ono sina haja ya kukaa nayo sana. Jirani mmoja alimwuliza mke wangu kwa upole kama ana hakika sina nyumba ndogo kule mlimani, ilhali tunapanda basi moja na kulala chumba kimoja. Wapo pia wanaoona picha kwenye status za WhatsApp na kukisia nimejenga. Kwa watu hawa nimeona dawa ni uwazi bila kujitetea: tunakwenda lini, tunarudi lini, karibu uje nasi. Hakuna aliyekuja, lakini maswali yalipungua. Kujieleza kirefu kwa mtu asiyelipa nauli wala kubeba mzigo wako kunampa nafasi ambayo hakuiomba.

Watu wenye haki ya jibu refu ni wale unaokwenda nao, na hao ndio niliochelewa kuwasikiliza. Kwa muda mrefu nilidhani Lushoto ni yetu sote kwa sababu hakuna nyumbani aliyekataa. Mke wangu anaipenda kweli; nimemwuliza siku tusiyokuwa na safari yoyote mbele, ili asijibu kwa kunihurumia. Binti yetu alikuwa anafuatana nasi tu. Mwaka 2023, akiwa na miaka 13, alirudi kutoka shuleni na somo la miji ya pwani, akasema mezani, bila kulalamika: "Baba, Ibn Battuta alifika Kilwa 1331. Sisi tunakaa Dar es Salaam na hatujafika." Nilianza kumweleza habari za nauli, nikanyamaza. Mtoto hakuwa amechagua Lushoto. Alikuwa amerithi mapumziko ya mtu mwingine, na kila Desemba tuliyompandisha mlimani ilikuwa Desemba moja imetoka kwenye utoto wake. Hapa sina mizani ya kupima pande mbili. Mahali unapopapenda ni pako kupapenda, ila likizo ya familia ni ya familia.

Mwaka ule tulikwenda Kilwa. Tulivuka kwa mashua kutoka Masoko hadi Kisiwani, akatembea ndani ya Msikiti Mkuu akihesabu nguzo, kisha tukapanda hadi Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, na akakaa muda mrefu kando ya lile birika la pembe nane akitazama bahari. Mimi nilichoka kwa jua na nilikumbuka baridi ya Lushoto mara kadhaa. Sikulisema.

Mwaka uliofuata tulikaa mezani kupanga. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzungumza, na alitaka kurudi Kilwa. Neno lilinifika mdomoni, lilelile ninaloambiwa mimi ofisini. Nikamwuliza badala yake kuna nini alichokibakisha kule.

"Songo Mnara," alisema. "Mwenye mashua alituonyesha kwa kidole tu. Hatukushuka."