Salamu kwanza, ngeli baadaye

Sisi tunaofundisha Kiswahili huku Ujerumani tuna hazina tunayoiacha bure: tumeuonja ugeni wenyewe. Dukani hapa mteja anasema "Hallo", analipa, anasema "Tschüss", basi, na hakuna aliyemdharau mwenzake. Kwetu anayetaja bidhaa kabla ya salamu ameonyesha utovu wa adabu. Mtu wa Tanga akifika Leipzig hudhani watu wanamchukia. Mtu wa Leipzig akifika Tanga husema "Nataka maji", sarufi haina dosari, na hajui kwa nini muuzaji amenuna.

Ndiyo maana napinga kuanza na jedwali la ngeli. Wiki za mwanzo, dakika 10 za kila kipindi ziwe za salamu, wanafunzi wamesimama wawili wawili, madaftari yamefungwa: habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, watoto hawajambo? Hapo ndipo ije "Naomba maji". Wengi hukimbilia ombi baada ya jibu la kwanza, warudishwe mwanzo. Shikamoo nayo ifundishwe pande zote mbili. Mtu mzima asiyezoea kuamkiwa hujibu "nzuri", na mtoto aliyemwamkia anabaki anangoja marahaba yake.

Saa ndiyo yenye mtego mkubwa, na kanuni ya "toa sita", yaani kupunguza sita kwenye saa ya Kijerumani ili kupata saa ya Kiswahili, haitoshi. Kwa Mjerumani, "halb acht" ni 7:30, yaani nusu ya kuelekea nane. Akitoa sita kwenye ile nane anapata mbili, anasema "saa mbili na nusu", na miadi imepotea kwa saa nzima. Kwanza aandike 7:30, kisha atazame uso wa saa: namba inayokabiliana na 7 ni 1. Ni saa moja na nusu. Aongeze asubuhi au usiku kila mara, kwa sababu 19:30 nayo ni saa moja na nusu.

Kwenye chakula, "Nein, danke" moja huku inamaliza mazungumzo, hata mgeni wetu aliyekataa kwa heshima tu analala njaa. Kwetu mwenyeji hukaribisha tena na tena. Darasani, anayeigiza mwenyeji asikubali "hapana" ya kwanza wala ya pili, na mgeni azoee kusema: "Nimeshiba, asante, lakini nitaonja kidogo." Kisha aonje kweli, kwa mkono wa kulia.