Kadi za Boksi

Mwishoni mwa Novemba 2023, LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ilipotangaza kwamba kuanzia tarehe 8 Desemba nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 itapanda kutoka shilingi 500 hadi 600, abiria wenzangu wa Kwa Mrombo walisonya, wakalalamika, wakanyamaza. Mimi nilifungua daftari. Nilikuwa nimesoma kwamba wakazi wa New York, walioanza kutumia tokeni kwenye treni zao za chini ya ardhi mwaka 1953, walikuwa na desturi ya kuzinunua kwa wingi na kuzificha kila nauli ilipokaribia kupanda, hata mamlaka ya huko ikafikia kubadilisha tokeni zenyewe ili kuwakomesha. Sehemu hiyo ya mwisho niliipita haraka.

Vifodi vyetu, ndivyo tunavyoziita daladala hapa Arusha, havina tokeni wala kadi. Vina konda, na noti zilizokunjwa kwa urefu katikati ya vidole vyake. Basi nikamwendea konda wa kifodi ninachopanda kila asubuhi, kijana mstaarabu asiyemeza chenji ya mtu, nikamweleza kwamba nitamlipa nauli ya mwezi mzima kwa bei ya zamani, naye anipe kadi ambazo nitakuwa nikimrudishia mojamoja kila nikipanda. Alizitazama noti mkononi mwangu, akazihesabu kwa macho, akakubali. Kadi tulizikata kwenye boksi la biskuti, naye akaandika juu ya kila moja "Mrombo–Kilombero" kwa kalamu ya bluu na kuitia sahihi yenye mikia miwili. Kwa kuwa mvua hazikuwa zimekatika, nilizipeleka stesheneri zikapigwa leminesheni. Mke wangu aliuliza leminesheni hiyo imegharimu kiasi gani, nikamjibu kwamba gharama za mtaji hazichanganywi na faida.

Ijumaa ya tarehe 8 nilikaa kiti cha karibu na mlango, na mkono ulipopita kukusanya nauli nikauwekea kadi. Mkono haukuwa wa konda wangu. Ulikuwa wa deiwaka, kibarua wa kumshikia zamu.

"Mzee, hii nini?"

"Nauli."

Aliigeuza. Upande wa pili, chini ya plastiki, kiwanda cha biskuti kilikuwa kimeandika "Hifadhi mahali pakavu."

"Mzee wangu, tajiri anataka hesabu ya hela. Nikimpelekea boksi atanielewa kweli?"

Mama mmoja aliyepakata ndoo ya dagaa aliomba aione, na kadi ikazunguka hadi kiti cha nyuma, kila mtu akiisoma kwa sauti, ikanirudia ikinuka dagaa. Nililipa 600. Wale waliobisha walilipa 500 ileile, kwa sababu deiwaka hakuwa na chenji, jambo ambalo hesabu zangu hazingeweza kulitabiri na ambalo mpaka leo naliona si la haki.

Niliulizia stendi nzima mpaka nikaambiwa kwamba konda wangu amehamia gari la Usa River. Nilimkuta huko akiita abiria, nikajiandaa kwa ugomvi, lakini aliponiona alifurahi kuliko ndugu.

"Mzee, kadi zako ni halali! Deni ni deni. Panda twende."

"Mimi naishi Kwa Mrombo."

"Lakini kadi ziko huku."

Hapo akili yangu ilifanya kazi tena. Usa River ni mbali zaidi na nauli yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo kila kadi niliyoinunua kwa 500 ilikuwa imepanda thamani bila mimi kunyanyua kidole. Nikapanda. Sikuwa na shughuli yoyote Usa River, kwa hiyo nilinunua soda, nikaketi kivulini, nikarudi. Mke wangu alipopata habari, akaamua kwamba kama lazima niende, niwe nashuka Tengeru siku za soko, Jumatano na Jumamosi, nilete ndizi; majirani nao wakaanza kuniagiza.

Jumamosi ya kwanza nilisimama barabarani pale Tengeru nikiwa na mkungu wa ndizi begani, konda wangu akanisaidia kuupandisha kwa heshima zote, akapokea kadi yangu, akaikagua sahihi, akaitia mfukoni. Kisha akaendelea kusimama mbele yangu, kiganja wazi.

"Kadi ni ya abiria, mzee. Mkungu unalipiwa taslimu."

"Kiasi gani?"

"Mia sita."