Miaka ya vita ya wachezaji wetu iko wapi?

Kwetu Kirumba, Mwanza, mpira unazungumzwa kila kijiwe, na huku Preston, kaskazini mwa Uingereza, ni hivyo hivyo. Tofauti inayoniuma ni moja: wenzetu wanaijua miaka ambayo vita iliwanyang'anya wachezaji wao.

Nje ya Deepdale, uwanja wa klabu ya Preston North End, kuna sanamu ya winga wao Tom Finney akiteleza uwanjani, maji yakiruka kando yake. Imetokana na picha iliyopigwa Stamford Bridge mwaka 1956. Wazee niliosimama nao pale hawaanzi na mabao yake 187 ya ligi. Wanaanza na Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ligi ilisimama Septemba 1939 baada ya mechi tatu tu. Staa aliyekuwa akifikisha pauni 8 kwa wiki sasa alicheza mechi za muda kwa shilingi 30, yaani pauni moja na nusu. Finney alisaini Preston mwaka 1940, akapelekwa Misri na Italia na kikosi cha vifaru, na mechi yake ya kwanza ya ligi aliicheza Agosti 1946 akiwa na miaka 24. Tommy Lawton wa Everton ndiye anayenisikitisha zaidi. Mfungaji bora mara mbili mfululizo, bingwa akiwa na miaka 19, halafu misimu saba bila ligi! Harry Goslin, nahodha wa Bolton, hakurudi kabisa. Aliuawa Italia Desemba 1943.

Sisi nasi tulipigana, na Kanda ya Ziwa vita ya Kagera haikuwa habari ya redioni. Idi Amin aliivamia Kagera Oktoba 1978. Machi 1979 ndege ya Libya ikatumwa kuipiga Mwanza yenyewe, ikakosa shabaha. Jeshi letu lilipanda kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 150,000, wakiwemo mgambo kwa maelfu, vijana wa umri uleule wa kucheza mpira.

Na mpira wetu haukusimama. Mwaka huohuo wa 1979 Simba ilichapwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers, ikaenda kushinda 5-0 Zambia. Agosti, Peter Tino akafunga Ndola, Zambia, Taifa Stars ikafuzu Afcon ya 1980. Hayo tunayasimulia vizuri mno. Lakini nani aliacha jezi ya Pamba, timu yetu ya Mwanza, au ya timu ya mtaani akavuka Kyaka na bunduki? Nani alirudi goti limekwisha? Ng'ambo ya ziwa nako, Uganda ilicheza fainali ya Afcon Machi 1978, na mwaka haukwisha kabla vita haijaanza.

Kuna watakaosema mkulima aliyekufa vitani naye hana sanamu. Ni kweli, na anastahili heshima. Ila aliyerudi salama aliweza kulima hata akiwa na miaka hamsini. Winga ana miaka kumi ya mbio zake, na ikipita imepita.

Pamba Jiji imerudi Ligi Kuu tangu 2024, ina ofisi na mashabiki wenye simu za kurekodi. Wawatafute waliocheza Nyamagana miaka ya sabini, na wajane wa wasiokuwepo, wawarekodi msimu huu huu. Wengi wao wameshavuka miaka sabini.