Ubelgiji itulipe, sawa, lakini ile makuta itaingia mu mufuko ya nani?

Hapa Lubumbashi ukigusa tu habari ya Ubelgiji kulipa fidia ya ukoloni na utumwa, palepale batu banajigawanya. Bamoja banasema balipe yote, kuanzia kaucho ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji wa zamani, mpaka shaba ya Union Minière, sosiete ya Babelgiji ya migodi ya huku Katanga, na riba juu yake. Bengine banacheka: we unadai muzungu makuta ya mwaka 1900, na leta yako yenyewe haijakulipa mushahara ya mwezi uliopita! Ile kicheko mi siidharau, iko na akili ndani, lakini mutu akicheka hajajibu bado kama deni iko ao haiko.

Tarehe 30 mwezi wa sita 2020, siku Kongo inatimiza miaka 60 ya uhuru, mfalme Philippe wa Ubelgiji aliandikia raisi Tshisekedi barua, akasema anasikitika sana ju ya jeuri na mateso ya wakati wa ukoloni. Mwezi wa sita 2022 akakuja yeye mwenyewe, akapita Kinshasa, akafika hapa kwetu ku Université, akasema mbele ya banafunzi, kisha akaenda Bukavu. Masikitiko alirudilia, musamaha hakuomba. Na haikukuwa bahati mbaya, ju kule kwabo bunge iliweka komisio ya kuchunguza ukoloni mwaka 2020, ikatumika miaka mbili na zaidi, na mwezi wa kumi na mbili 2022 ikaanguka paka pale ku musamaha: vyama vingine viliogopa kwamba siku bunge inaomba musamaha, kesho yake avoka ya Mukongomani anaingia ku tribinali na fakture.

Bale benye kukataa, argima yabo ya kwanza ni wakati. Benye balifanya balikufa, benye balifanyiwa balikufa, mutoto mwenye alizaliwa Anvers mwaka 2005 yeye alikosa nini? Inaingia vizuri mu masikio lakini mi naiona zaifu. Uingereza ilipokataza utumwa mu makoloni yake mwaka 1833 ililipa pauni milioni 20, na si batumwa njo balilipwa, batumwa habakupata hata senti, balilipwa mabwana yabo, ju ati balipoteza mali. Ile makuta leta ilikopa, na mukopo wenyewe ulimalizika kulipwa mwaka 2015. Kwa hiyo mutoto wa Jamaika mwenye alihamia London akatumika kule, kodi yake ilisaidia kulipa fidia ya benye balifunga babu yake munyororo. Haiti ni mbaya zaidi: balijikomboa benyewe, na mwaka 1825 Ufaransa ikatuma mashua za vita, ikabadai franga milioni 150 ju ya mashamba na batumwa benye bazungu balipoteza, kisha mwaka 1838 ikapunguza mpaka milioni 90. Pale hakuna mutu alisema mambo ni ya zamani. Tena sosiete haikufaki sawa mutu: Union Minière ilizaliwa 1906, mali yake ya huku leta ya Kongo ikachukua ikafanya Gécamines, sosiete ya leta, lakini sosiete yenyewe kule Bruxelles ilibakia muzima, leo inaitwa Umicore na ingali mu biashara ya metali.

Kuko kipande kimoja cha hii argima chenye kinanisumbua lakini. Kama leta ya Ubelgiji inalipa leta ya Kongo, inalipa na kodi ya kila mutu mwenye anaishi kule, pamoja na ule mama Mukongomani wa Matonge, kartie ya Bakongomani kule, mwenye anafagia mabiro usiku ku Bruxelles. Yeye mujukuu wa benye balichapwa fimbo njo atalipa, na huku atapokea nani?

Hapo bale ba kucheka banapata nguvu, ju fidia sisi tulishapokea, si hadisi. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 mahakama ya kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 ju ya vita yenye jeshi yake ilifanya huku: milioni 225 ju ya batu, 40 ju ya mali yenye iliharibiwa, 60 ju ya utajiri ya udongo yenye ilibebwa. Uganda ikalipa kipande cha kwanza, milioni 65, paka ule mwaka. Leta ikaunda mufuko wa kulipa benye baliumizwa, unaitwa FRIVAO, biro yake Kisangani, ju Kisangani njo iliona ile vita ya siku sita mwaka 2000, pale jeshi ya Rwanda na ya Uganda zilipigana mu muji ya batu bengine na mabomu ikaangukia mu manyumba. Tangu pale batu ba Kisangani balijaza maformileri, balitengeneza dosie, bakakuwa banaomba waonyeshwe makuta inaenda wapi. Mwaka 2024 waziri wa sheria akasimamisha baongozi ba ule mufuko, na mwaka 2025 yule waziri yeye mwenyewe akahukumiwa ku Cour de cassation, mahakama ya juu, miaka tatu ya kazi ngumu, ju ya milioni kama 19 za dola zenye zilikuwa za kujenga gereza palepale Kisangani. Sasa we enda mbele ya mutu wa Makiso ao Tshopo, makomini ya Kisangani, mwenye alipoteza mukono yake 2000, umwambie tunataka Ubelgiji nayo ilete yake kwa njia ileile.

Ila tuangalie ile inaonyesha nini. Inaonyesha njia ni mbaya. Haionyeshe kama deni haiko. Mutu mwenye kukudai akiwa mulevi, deni yako haifutike ju yeye ni mulevi, utatafuta tu namna ya kulipia bibi yake ao batoto bake.

Argima ingine, na hii batu ba kwetu habapendi kuigusa: bale benye baliuza batu huku, bengi balikuwa na sura kama ya kwetu. Tippu Tip alitoka Zanzibar, akatawala pembe na batumwa kutoka Tanganyika mpaka Kasongo na Nyangwe, na hii Swahili ninaandika ilipita sana mu misafara ya batu sawa yeye. Msiri, pale Bunkeya, si mbali na hapa, alijenga ufalme ya Garenganze na shaba, pembe, na batu ba kuuzishwa, mpaka bazungu ba msafara wa Stairs, wenye Leopold aliutuma, bakamuua mwezi wa kumi na mbili 1891. Leo Msiri tunamuimba kama shujaa mwenye alikatalia bazungu, na alibakatalia kweli, lakini bale benye alipeleka ku bahari habana mutu wa kubaimba. Batu benye banakataa fidia banapenda kuleta hii mambo kusudi mazungumuzo ifungike: muliuzana benyewe, nyamazeni. Mi nasema hapana, ilete yote mezani. Leopold alikuwa anaambia Bulaya anakuja kufukuza bafanya biashara ya batumwa ba Zanzibar, na mwaka 1887 palepale akamuweka Tippu Tip kuwa gavana wake ku Stanley Falls, njo Kisangani ya leo. Hata mbele sana, mwaka 1526, mfalme Afonso wa Kongo aliandikia mfalme wa Ureno analalamika kwamba bafanya biashara ba Ureno banabeba batu bake hata batoto ba bakubwa, na yeye mwenyewe alikuwa anauzisha bafungwa. Deni inakuwa na benye kulipa bengi, njo vile tu. Na kama Zanzibar ao Oman ao hata jamaa ya bakubwa ba huku banapaswa kukaa ku ile meza, bakae. Mwenye alichukua kidogo haponyeshe mwenye alichukua nyingi.

Sasa tushuke ku kazi, ju mi naona hapa njo urithi wa ile zamani unaonekana na macho, si mu vitabu. Wakati ya ukoloni mu kazi ya leta kulikuwa vyeo vya muzungu na vyeo vya mweusi, kila upande na mushahara yake, mpaka januari 1959 njo bakaleta statu moja, mwaka moja na nusu mbele ya uhuru. Siku ya uhuru Force Publique, jeshi ya koloni, haikukuwa na ofisie mweusi hata mumoja, cheo ya juu ilikuwa adjudant. Hapa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, mwezi wa kumi na mbili 1941, batumikaji ba Union Minière baligoma ju bei ya bintu ilipanda na vita na mushahara haikufwata, na jeshi ikabafyatulia risasi ku kiwanja cha mupira, makumi bakakufa, pamoja na kiongozi wabo Léonard Mpoyi.

"Ile ilishapita," utaambiwa. Lakini mwaka 2017 Fondation Roi Baudouin ya Ubelgiji palepale ilitosha uchunguzi juu ya Babelgiji benye asili ya Kongo, Rwanda na Burundi: asilimia kama 60 bako na diplome ya masomo ya juu, na shomaje yabo inapita ya inchi nzima mara nne. Batu benye kusoma vile, na bengi mu bale banapata kazi, ni kazi ya chini ya diplome yabo. Bale ba upande mwingine banajibu: diplome zingine ni za Kongo, hazina ekivalansi, ni kusema kule habazitambui, kuko Kiholanzi cha kujua, kuko rezo ya kujuana. Kuna ukweli mule, siwezi kukataa, ekivalansi ni ukuta ya kweli. Ila ekivalansi haielezi kila kintu. Kule Marekani, mu uchunguzi wenye ulitoka 2004, balituma CV kama 5,000 ku Boston na Chicago, CV zinafanana, bakabadilisha paka majina, na majina yenye inasikika ya bazungu ikaitwa ku intervyu asilimia 50 zaidi. Pale hakuna ekivalansi ya kusingizia. Bengine banasema dawa ya hii haiwezi kuwa kupendelea mutu kwa rangi yake, na mwaka 2023 mahakama kuu ya Marekani ilifwata ile njia, ikakataza vyuo kuangalia rangi wakati wa kuchagua banafunzi. Naelewa mantiki. Lakini kama CV ya mweusi inaendelea kutupwa kwa siri, sheria yenye inasema tusiangalie rangi inabeba mizigo upande moja tu.

Na sisi tusijifanye basafi. Enda asubuyi ku mulango ya sosiete moja ya migodi huku, siku babandika liste ku ukuta. Batu habasome liste kutafuta jina yabo tu, banasoma majina yote, banahesabu: huyu wa wapi, huyu wa wapi, ah, chef du personnel ni wa kule. Mukasai mwenye jina inasikika anajua akiandika ile jina mu dosie hapa Katanga kitu gani kinaweza kufuata, na ile nayo haikuanguka kutoka mbinguni, Union Minière yenyewe ilileta baba zabo kutoka Kasai kutumika, na mu 1992 na 1993 bakafukuzwa ku Likasi na Kolwezi, bakaitwa bilulu, ni kusema badudu, balilala ku magare banangoja treni. Kisha kuko ukuta mwingine: mu migodi ya leo benye bapo juu ni bageni, Wachina, bazungu, na Mukongomani mwenye kazi moja na yao analipwa mushahara ingine, mwaka 2021 ripoti ya RAID, shirika la kuchunguza makosa ya makampuni, iliandika vile bakapita (basimamizi) ba bageni banatukana na hata kupiga batumikaji. Leta iliweka sheria ya 2017 ya sous-traitance kusudi kazi ndogondogo za migodi ziwe za sosiete za Bakongomani. Ni sheria nzuri, mi naiunga mukono, na kila mutu anajua kuko Bakongomani benye banakopesha jina yabo tu na mwenye makuta anakaa nyuma.

Ndiyo sababu dosie yenye inanipa matumaini si ya leta kwa leta. Ni ya bale bamama batano, bametis, baba muzungu na mama mweusi, benye leta ya Ubelgiji iliwanyanganya mama zabo wakiwa batoto wadogo, ikabaweka ku bamasista. Ku kesi ya kwanza mwaka 2021 balishindwa. Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 2024 cour d'appel ya Bruxelles ikasema ile ilikuwa kosa juu ya ubinadamu, na kila mumoja alipwe euro 50,000. Kwa jina yake, bila mufuko, bila waziri. Baliwezaje? Balikuwa na dosie, karatasi za wakati ule zenye zilionyesha ni politiki ya leta. Kwa hiyo kama ni mi ningekuwa nadai, ningeanza na arshive kabla ya makuta. Karatasi za Union Minière nyingi ziko Bruxelles. Jamaa ya batu benye baliuawa 1941 hapa Lubumbashi, nani kati yabo alishaonyeshwa liste ya bafu ba ile siku, na nani atalipa tiketi ya avoka ya kwenda kuitafuta?