Tuwapeleke watoto wakaione kazi kabla hawajachagua masomo

Wadau habari zenu. Mimi naishi Ujerumani, jimbo la Nordrhein-Westfalen, watoto wanasoma huku, na kuna jambo moja la shule zao ambalo kila nikiliona nawawaza watoto wa nyumbani Tanzania.

Huku mtoto akifika darasa la 8, yaani miaka 13 au 14, shule inaanza kumsogeza kwenye kazi. Kuna siku wanapimwa wanachokiweza, wanapewa vitu vya kufanya kwa mikono na vya kushirikiana, afu kuna siku za kwenda kuonja kazi tofauti tofauti, na wakifika la 9 au la 10 wanaenda fildi wiki 2 mpaka 3, karakana, ofisi, hospitali, chekechea, popote. Mshahara hakuna. Nafasi mtoto anaitafuta mwenyewe, anapiga simu, anaandika barua ya maombi.

Binti yangu wimbo ulikuwa udaktari tu. Akapata nafasi kwenye maabara ya kutengeneza meno bandia, akawa anarudi jioni nta imemganda kwenye kucha, anatueleza jinsi jino linavyochongwa kwanza kwa nta na rangi inavyolinganishwa na meno ya mgonjwa mwenyewe, kumbe jino halina rangi moja, karibu na fizi linakuwa la njano zaidi kuliko kwenye ncha. Kila siku anaandika ripoti, mwalimu akaenda kumkagua pale pale, mwisho bosi akajaza fomu, anawahi? anauliza? anasafisha meza yake? Udaktari bado anautaka, ila sasa anasema wa meno, na anaweza kukuambia kwa nini.

Nyumbani tunamuuliza mtoto ukikua unataka kuwa nani tangu chekechea, majibu ni rubani, daktari, mwanasheria, na yule fundi umeme aliyekuja kufunga nyaya nyumbani hakuna anayemtaja wakati ndo kazi aliyoishuhudia kwa macho yake. Form two ikiisha achague sayansi au arts, anaangalia marafiki wameenda wapi. Form four anajaza HGL (History, Geography na English) kwa ajili ya form five, ukimuuliza ya nini anasema sheria, na mahakamani hajawahi kukanyaga hata siku moja. Inaniuma sana hii.

Msidhani huku ni peponi lakini. Watoto wanagawanywa kwenye shule za ngazi tofauti wakimaliza darasa la 4, miaka 10 tu, na watoto wa wageni wengi wanajikuta kwenye zile za ngazi ya chini. Jimboni kwetu pendekezo la mwalimu la shule gani mtoto aende halimfungi mzazi, ila mzazi asiyejua Kijerumani atajuaje? Hata hiyo fildi, mtoto wa injinia anapata kwa simu moja ya baba yake, wa kwetu anaandika barua mpaka anachoka.

Nimefurahi kuona huko nyumbani mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, umeanza Januari 2024 kwenye baadhi ya shule. Ila mtoto anaingia mkondo huo form one, sasa kabla ya hapo nani kamuonyesha hizo kazi?

Na sisi hatuhitaji mfadhili kwa hili. Gereji zipo, mafundi cherehani wapo, duka la dawa, kituo cha afya, ofisi ya kata. Najua mzazi atasema sijalipia sare na daftari mwanangu akafagie gereji, na mwenye binti atauliza usalama, na ana haki kabisa, ndo maana lazima mwalimu awe anapita kuwakagua na mtoto awe na bima kama wanavyofanya huku, bila hivyo bora tusianze. Muda upo, mtihani wa form two ukiisha mwezi wa 11 watoto wanakaa tu nyumbani kusubiri matokeo. Wiki moja tu inatosha kuanzia.

Walimu mnaosoma hapa naomba mnijibu, mkuu wa shule ya kata anaweza kuanzisha hili mwenyewe na kamati ya wazazi, au mpaka asubiri waraka wa wizara?